Katekista Anapoongoza Jumapili

Vigango vingi vya Kanisa Katoliki vijijini havimuoni padre kila wiki. Mwalimu mmoja wa liturujia anajibu maswali ambayo waumini humuuliza mara kwa mara.

Ibada anayoongoza katekista ni Misa?

Hapana. Pasipo padre hakuna Misa. Hiyo ni ibada ya Neno: masomo, mafundisho, maombi na, pale askofu aliporuhusu, Komunyo iliyowekwa wakfu katika Misa ya nyuma. Mtazame vizuri katekista anayeijua kazi yake. Kiti cha padre hakikalii. Hasemi “Bwana awe nanyi.” Mwishoni hainui mkono kuwabariki watu, hujiandika ishara ya msalaba kama wao, akiiomba baraka hiyo kwa ajili ya wote, naye akiwemo. Wengine husahau, wakaanza kujifanya mapadre wadogo, na waumini nao wakawazoesha.

Anaweza kubatiza?

Akiagizwa na askofu, ndiyo. Mtu akiwa hatarini kufa, hata wewe unaweza: mmiminie maji kichwani huku ukitamka, “Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu,” ukikusudia linalokusudiwa na Kanisa. Kisha mpe paroko taarifa ili jina liandikwe kitabuni.

Na walei wanaogawa Komunyo?

Papa Paulo VI aliweka utaratibu wao mwaka 1973, kwa pale padre anapokosekana au watu wanapozidi. Mapadre wakiwa wanatosha, wagawe wao. Kwa maoni yangu, mahali hasa pa walei hawa ni kando ya kitanda cha mgonjwa.

Wasichana kutumikia altareni kunaruhusiwa?

Ndiyo, tangu 1994, askofu wa jimbo akikubali. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake pia huduma rasmi za usomaji na utumikiaji.

Basi katekista ni kibarua wa padre?

La hasha! Mwaka huohuo, 2021, Papa aliifanya kazi yake kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa kaskazini mwa Uganda, waliuawa mwaka 1918 huko Paimol kwa kufundisha dini. Walitangazwa wenyeheri mwaka 2002. Wa leo wengi wanaishi kwa jembe lao, na posho ni ya kubahatisha. Halmashauri za parokia, mnapopanga bajeti, mkumbukeni katekista kabla ya kununua spika mpya.