ZIYARA YENYE MAZINGATIO: KUTOKA MKUNAZINI HADI KERICHO



Qur'ani Tukufu, katika Suratul-An'am na penginepo, yatuamrisha tutembee katika ardhi tukatazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa hivyo kuzuru mahali pa kale si upuzi. Ni darasa, kwa sharti mwenye kuzuru atazame kwa moyo wala si kwa macho tu.

Na tuanze Unguja. Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, likafungwa kwa mapatano aliyoyakubali Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873. Leo pana kanisa, na sanamu za watu waliotiwa minyororo shingoni. Wengi huzitazama, wakasikitika, wakaondoka wakidhani kuwa khabari imeishia hapo. Haikuishia. Amri ya mwaka 1897 iliwapa watumwa wa Unguja na Pemba njia ya kudai uhuru wao, lakini masuria hawakutiwa. Hoja ilikuwa kwamba kuwatia kungevuruga nyumba za watu. Wakangoja mpaka mwaka 1909. Basi mwanamke ndiye aliyekuwa wa mwisho kufunguliwa, kwa kuwa dhulma yake ilikuwa nyuma ya mlango.

Sasa na tupande bara, Kericho na Bomet, itokako chai tunayoinywa kila asubuhi. Mashamba yametanda kijani kibichi, na msafiri huburudika. Huko hapana soko la kale wala sanamu. Lakini mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza khabari za wanawake zaidi ya 70, waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa na makampuni mawili ya Uingereza, wakieleza jinsi wasimamizi walivyowataka miili yao ili wapate kazi au wasiipoteze.

Hatusemi kuwa huo ni utumwa ule ule. Mchuma chai ana ujira, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 30, imekataza utumwa. Lakini mama ambaye chakula cha wanawe kimo mkononi mwa mtu mmoja, naye hawezi kumwambia "sitaki", uhuru wake u wapi?

Katika Suratun-Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu amewakataza mabwana kuwashurutisha vijakazi wao zinaa kwa kutafuta mali ya dunia. Likiwa hilo ni haramu kwa kijakazi, je, kwa mwanamke huru?

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuwachukue mabinti zetu Mkunazini, tuwasomeshe khabari ya mwaka 1909 pamoja na ile ya 1873. Pili, apitaye Kericho asitazame majani tu, amtazame na ayachumaye. Tatu, nalo ndilo zito, kila mmoja wetu atazame nyumbani kwake: yule msichana mtumishi alalaye jikoni, nani amlindaye usiku? Akidhulumiwa, atamshitakia nani?

Kumlilia mtumwa aliyekufa ni jambo jepesi. Mwenyezi Mungu atujaalie kumwinua aliye hai. Amin.