Darasa la chekechea huombwa mwezi gani?

Katika vikao vya kukusanya maoni kuhusu bajeti ya kaunti, kuna ombi lisilokosa. Mzazi husimama na kueleza kwamba watoto wa chekechea kijijini kwao wanasomea chini ya mti, na wanahitaji darasa. Ombi ni la haki. Lakini mara nyingi hutolewa Mei, wakati ambapo hesabu karibu zote zimeshafungwa.

Kwanza, mipaka ya kazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Shule za msingi na sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa. Jambo hili huwachanganya wengi kwa sababu madarasa mengi ya PP1 na PP2 yamo ndani ya uwanja wa shule ya msingi: lango moja, serikali mbili. Upepo ukiezua paa la Gredi ya 3, ombi hupelekwa kwa Wizara ya Elimu au kwa kamati ya NG-CDF ya eneobunge. Ukiezua la PP1, hilo ni la kaunti.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila safari ya darasa huanza mapema zaidi. Msingi wake ni mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule unaojulikana kama CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutokana nao, kila mwaka idara huandaa mpango wa maendeleo wa mwaka mmoja, ambao lazima uwe umefika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hiyo ni miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha wenyewe kuanza. Darasa lisiloandikwa humo huanza mbio likiwa nyuma.

Hatua ya pili ndiyo inayopita kimya kuliko zote, na ndiyo nzito kuliko zote. Kufikia Februari 28, waziri wa fedha wa kaunti huwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu ambacho kila idara inaweza kutumia. Bunge lina siku 14 kuupitia. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30, kisha kamati ya bajeti hualika maoni ya umma, na kila kitu huwa kimepitishwa kufikia Juni 30.

Kwa nini Februari izidi Mei? Kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa, na kinachoongezwa mahali pamoja lazima kipunguzwe kwingine. Tuseme idara ya elimu imewekewa shilingi milioni 400. Asilimia 1 yake ni milioni 4, na hizo ndizo zitakazogombaniwa na wadi zote. Mzazi anayeanza kuzungumza Mei anaomba kipande cha mabaki.

Kuna suala jingine ambalo husahaulika hata na wanaokuja mapema. Jengo hulipwa kutoka fungu la maendeleo. Mwalimu hulipwa kutoka fungu la matumizi ya kawaida. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kwa hivyo ni rahisi kupata kuta kuliko kupata mtu wa kufundisha ndani yake. Mwalimu wa chekechea husajiliwa na TSC, lakini huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Ombi lililokamilika hutaja vyote viwili, pamoja na choo na maji.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi, Julai au Agosti, mpango wa mwaka ukiandaliwa. Maneno ya mdomo barazani husikika na kupotea, barua hubaki. Iandikwe kijiji, idadi ya watoto wa miaka minne na mitano, umbali wa kituo kilicho karibu, na hali ya kiwanja. Kiwanja chenye mzozo huchelewesha mradi hata pesa zikiwepo. Nakala ya barua igongwe muhuri na ibaki kwa wazazi.

Mkazi anayetaka kuona nyaraka hizi ana haki ya kuziomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Bajeti ikishapitishwa, kazi inageuka kuwa ya kufuatilia. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti kila robo mwaka. Darasa lililomo katika bajeti lakini ambalo kufikia Machi halijachimbiwa hata msingi linastahili swali kwa mwakilishi wadi, kwa sababu Juni 30 kitabu cha mwaka huo hufungwa.