Hatua za Mtoto Kukaa, Kusimama na Kutembea

Uwezo wa mtoto kuumudu mwili wake huanzia kichwani na kushuka chini: shingo hukaza kwanza, kisha mgongo, nyonga na hatimaye miguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliohusisha watoto wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, ulionesha kuwa wengi hukaa bila kuegemezwa kati ya miezi 4 na 9, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Wachache hawatambai kabisa. Hilo pekee si ugonjwa.

Mbinga, msimu wa kuchuma kahawa, mtoto huenda shambani akiwa mgongoni mwa mama. Mbeleko si kosa, lakini apatiwe pia muda wa kulala kifudifudi mkekani, akiwa macho na akiangaliwa.

Mhudumu asiishie kwenye mizani. Amuulize mama mtoto anafanya nini. Asiyekaza shingo afikapo miezi 4, asiyekaa baada ya miezi 9, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe hospitali bila kungoja. Mtindio wa ubongo hauponi kwa dawa, bali mazoezi yaanzayo mapema humsaidia mtoto.