Kuchagua Bunduki ya Kuwindia

Upande wa kusini wa mkoa wa Singida, katika nchi ya Manyoni na Itigi, kuna mapori mapana ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Humo hukaa tembo, nyati, simba, pofu, tandala na wanyama wengine wengi. Pengine tembo hutoka porini usiku wakaingia katika mashamba ya mtama na mahindi, na kazi ya mwaka mzima huharibika kabla ya kupambazuka. Askari wa wanyamapori huwafukuza kwa kelele na kwa kupiga bunduki hewani. Lakini mnyama akiwa amekwisha kuua watu, mara nyingine hawana budi kumpiga. Ndipo hujulikana kama bunduki ilichaguliwa vema au vibaya.

Zamani haikuwako nafasi ya kuchagua. Katika karne ya 19 nchi ya Ukimbu ilitawaliwa na Nyungu ya Mawe, mtemi mwenye nguvu, aliyefariki mwaka 1884. Askari wake, walioitwa rugaruga, walichukua magobori yaliyoletwa na biashara ya pembe. Gobori halina gharama kubwa, maana hutaka baruti kidogo na kipande cha risasi tu. Lakini kulishindilia huchukua muda mrefu. Mwindaji aliyekosa shabaha mara ya kwanza hakuwa na mara ya pili. Tangu siku hizo mafundi wametengeneza bunduki za namna nyingi, hata mtu asiyejua hudhani kwamba iliyo kubwa kupita zote ndiyo iliyo bora. Sivyo. Mwindaji mwenye akili hupima mambo matatu: uzito, nguvu, na gharama ya risasi.

1. Uzito

Bunduki hubebwa kwa saa nyingi, bali hupigwa kwa dakika chache. Mwindaji huweza kufuata nyayo tangu alfajiri hata jua la utosi. Bunduki nyepesi ina kilo 3 hivi. Ya kupigia nyati ina kilo 4 au 5. Na ziko za zamani zenye kilo 7. Tofauti ya kilo 2 si kitu asubuhi, lakini adhuhuri mkono uliochoka hutetemeka, na mkono utetemekao haupigi shabaha.

Je, basi, iliyo nyepesi ndiyo bora? La, hasha. Risasi ikienda mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma ikampiga mpigaji begani. Bunduki nzito husukumwa polepole, bali nyepesi yenye risasi kubwa hupiga kama teke la punda. Mtu aliyeumizwa bega mara mbili au tatu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na afumbaye macho hukosa. Kwa hiyo uzito ni mzigo wa mchukuzi, lakini tena ni ngao ya bega lake.

2. Nguvu

Nguvu ya risasi hutokana na mambo mawili: uzito wake na mwendo wake. Uzito ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara mbili. Lakini mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ili kulinganisha risasi mbili, zidisha uzito kwa mwendo, kisha uzidishe tena kwa mwendo uleule.

Iko bunduki ambayo tundu la mtutu wake lina upana wa milimita 7. Risasi yake ina gramu 11 hivi, nayo huenda kama meta 700 kwa nukta moja ya saa. Iko nyingine iitwayo .375, iliyotolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London; risasi yake ina gramu 19 hivi, na mwendo wake ni kama meta 770. Hesabu ya kwanza ni 11 x 700 x 700, yaani 5,390,000. Ya pili ni 19 x 770 x 770, yaani 11,265,100. Basi ile .375 ina nguvu mara mbili na zaidi. Ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika zimeiweka kuwa kipimo cha chini kabisa kwa wanyama wakubwa wa hatari. Kubwa zaidi ni .458, iliyotolewa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1956, ambayo risasi yake ina gramu 32 hivi.

3. Gharama ya risasi

Bunduki hununuliwa mara moja, lakini risasi hununuliwa siku zote. Risasi kubwa hutumia shaba nyingi, baruti nyingi na kazi nyingi, kwa hiyo bei yake hupita bei ya ndogo mara nyingi. Tena iko hasara isiyoonekana upesi. Mtu ambaye risasi zake ni ghali huogopa kuzitumia katika mazoezi. Akikosa mazoezi hukosa shabaha. Na akikosa shabaha hujeruhi. Akiba ya fedha imegeuka kuwa hatari ya maisha. Kwa hiyo wengi hujizoeza kwanza kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo risasi yake ni ya bei nafuu, mpaka jicho na kidole vipatane. Kisha hupiga chache za ile kubwa ili bega lizoee. Tena mnunuzi aulize kama risasi za bunduki yake hupatikana nchini, maana bunduki isiyo na risasi ni rungu la bei kubwa.

Mfano wa Bell

Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, Mskoti mmoja, Walter Bell, aliwinda pembe katika Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, hata akaitwa Karamoja Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi aliwaua kwa bunduki ile ndogo ya milimita 7. Wawindaji wengine walistaajabu. Lakini Bell alikuwa amepasua kichwa cha tembo kwa msumeno apate kujua hasa mahali ubongo ulipo. Alitumia risasi zenye ganda gumu, zipenyazo mfupa bila kuvunjika, naye alijizoeza siku zote. Alipenda bunduki nyepesi kwa sababu haikumchosha, wala haikumsukuma sana. Basi elimu yake ndiyo iliyoua, si udogo wa bunduki yake. Amwigaye bunduki asimwige na elimu, atajeruhi mnyama, na pengine atauawa.

Tena tusisahau jambo hili: tembo wa Afrika Mashariki walipunguzwa mno na watu wa namna hiyo na waliowafuata. Leo sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hudai kibali cha kuwinda, na bunduki yenyewe hudai leseni.

Mahali na kazi

Mahali nako huchagua bunduki. Katika mbuga ya Wembere, ambako macho huona mbali, risasi nyepesi yenye mwendo wa kasi yafaa kwa swala. Lakini katika vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mtu hawezi kuona hatua 10 mbele, nyati aliyejeruhiwa humfikia mwindaji kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Hapo risasi nzito, ya kumsimamisha mnyama, ndiyo itakiwayo.

Mwindaji wa kweli hamwachi mnyama aliyejeruhiwa. Humfuata mpaka mwisho, ijapokuwa kuna hatari, maana akimwacha, anayelipa si yeye. Anayelipa ni mama aendaye kesho kutafuta kuni, au mtoto achungaye mbuzi karibu na kichaka kile. Kwa sababu hiyo kuchagua bunduki si jambo la fahari wala la mashindano. Mtaka yote hukosa yote: hakuna bunduki iliyo nyepesi, yenye nguvu kupita zote, na ya gharama ndogo. Iliyo bora ni ile ambayo mwenyewe aweza kuibeba mchana kutwa, kuipiga bila hofu, na kuilisha risasi za kutosha kujizoeza, nayo ina nguvu ya kumwangusha mara moja mnyama aliye mbele yake.

Maswali

1. Kwa nini bunduki nyepesi yenye risasi kubwa humwumiza mpigaji?
2. Risasi moja ina gramu 10 na mwendo wa meta 800. Nyingine ina gramu 20 na mwendo wa meta 400. Ipi ina nguvu zaidi, na kwa mara ngapi?
3. Bei ya risasi yawezaje kumfanya mtu akose shabaha?
4. Eleza kwa nini bunduki ifaayo Wembere huenda isifae Itigi.
5. Ni nani alipaye mwindaji akimwacha mnyama aliyejeruhiwa?