Mlima Hanang na Njia za Maji Yake

Sisi tukaao Gehandu na pande zote za Mbulu na Hanang twauona mlima huu mara nyingi, lakini kuuona si kuujua. Basi, na tujifunze habari zake.

Hanang ni mlima wa volkano, uliojengwa zamani kwa mawe na majivu ya moto yaliyotoka chini ya nchi. Kimo chake chapita mita 3,400, na katika Tanzania milima iupitayo ni michache. Wabarabaig wanauheshimu tangu zamani.

Kusini, miguuni pake, uko mji wa Katesh. Wengi wapandao kileleni huanzia huko kwa njia ya Jorodom. Kaskazini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, liko ziwa Balangida. Maji huingia humo, wala hayana pa kutokea. Jua huyakausha, na chumvi hubaki, watu wakaiokota. Magharibi liko ziwa Basotu, lenye maji baridi na samaki.

Mbavuni mwa mlima pana msitu. Mizizi yake hushika udongo, na mvua hunywewa polepole, ndipo vijito huteremka kwa watu na mifugo.

Lakini maji yaleyale yaweza kuua. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, udongo uliolowa uliporomoka, ukashuka kwa kufuata makorongo pamoja na mawe na magogo, hata Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wataalamu wa serikali walichunguza, wakaeleza kwamba si volkano iliyoamka.

Tujifunze nini, basi? Korongo kavu si mahali patupu. Ni njia ya maji ambayo mwenyewe hayupo leo. Ukiona mawe makubwa na mchanga vimelundikana mahali korongo linapofunguka, ujue maji yamekwisha kufika hapo. Usijenge hapo, hata kama ardhi ni tambarare na barabara i karibu. Wala tusikate miti ya mbavuni.

Maswali:
1. Kwa nini Balangida lina chumvi?
2. Msitu wafanya kazi gani mlimani?
3. Ni korongo gani lililo karibu na nyumba yako, nalo laelekea wapi?