Somo: Kubadilisha na Kung'arisha Upya Mkono wa Gia wa Gari Kongwe la Spoti

Gari linaloegeshwa Forodhani au Malindi hupigwa na jua na hewa ya chumvi mwaka mzima. Vanishi ya kichwa cha mkono wa gia hupasuka, ngozi hukakamaa, na mpira wa chini huchanika. Mkono ukianza kuchezacheza, mwenye gari huambiwa pengine kwamba giaboksi imekwisha, ilhali kilichoharibika ni bushi ndogo. Somo hili linakusudia kumwezesha mtumiaji kutambua tofauti hiyo kabla hajatoa fedha.

Tambua tatizo kwanza
Zima injini, vuta breki ya mkono, kisha kanyaga klachi na upitishe gia zote. Gia zikiingia kwa wepesi injini ikiwa imezimwa, lakini zikagoma injini inapowaka, anza kukagua klachi. Mkono ukiyumba sana hata ukiwa ndani ya gia, shuku bushi zake. Gia ikichomoka yenyewe garini mwendoni, usiendelee kuliendesha. Hilo si suala la urembo, na kichwa kipya hakitaliponya.

Chagua kichwa kinacholingana
Usinunue kwa kutazama sura pekee. Hesi ya ndani lazima ilingane na ya mkono. Magari mengi ya Mazda yenye gia za kawaida hutumia hesi ya milimita 10 yenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino. Ya Toyota, milimita 12 kwa 1.25, ya Honda, milimita 10 kwa 1.5. Nenda dukani na kichwa cha zamani, ukakilinganishe. Kinachoingia kwa kulazimishwa huharibu meno, na kinacholegea chaweza kubaki mkononi mwa dereva akiwa barabarani. Gundi si mbadala wa hesi. Gari la otomatiki lenye kitufe cha kufungulia mkono halifai kuwekewa kichwa cha kawaida.

Hatua za kubadilisha
Mfano wetu ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 1989.
1. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu, na uache injini ipoe.
2. Fungua kichwa kwa kukizungusha kinyume cha saa, kisha ondoa kava la katikati na mpira wa juu.
3. Safisha vumbi lote kabla ya kufungua bolti tatu zinazoshika mkono. Mchanga ukiangukia ndani, hasara yake huzidi thamani ya kazi nzima.
4. Nyanyua mkono, na ufunike tundu kwa kitambaa safi.
5. Kagua bushi ya nchani na mpira wa ndani, badilisha vilivyochakaa. Kagua pia mafuta ya sehemu hiyo, uyaongeze kwa aina iliyotajwa katika kitabu cha gari.
6. Rudisha kila kitu, kisha jaribu gia zote kabla ya kuwasha injini.

Kung'arisha kichwa cha mbao
Kikwangue kwa msasa namba 240, halafu 400, ukifuata mkondo wa mbao. Futa vumbi, ziba hesi kwa karatasi, na upake vanishi tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikauka barabara kabla ya nyingine. Wakati wa masika unyevu huchelewesha ukaukaji, usiharakishe. Kichwa kilichopasuka hadi kwenye hesi hakifai kung'arishwa, kibadilishwe.

Linda haki yako
Mtake fundi akuandikie bei ya kifaa na ya kazi kila moja peke yake. Omba urudishiwe kifaa kilichotolewa, ukione kwa macho yako. Dai stakabadhi, na ulijaribu gari pamoja na fundi kabla ya kumaliza malipo. Mkishindwa kuelewana, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ukiwa na stakabadhi na kifaa chenyewe. Maneno matupu ni vigumu kuyathibitisha.

Jipime
1. Gia zikigoma injini inapowaka tu, utaanza kukagua nini?
2. Kwa nini uende dukani na kichwa cha zamani?
3. Taja vitu viwili utakavyodai kwa fundi kabla hujaondoka gereji.