Mtoto Asivuke Mpaka kwa Njia ya Panya: Somo kwa Wazazi Wanaohamia Kazi Mpya



Kazi mpya ni neema. Wengi wetu tuishio Busia, Malaba na Tororo tuna ndugu aliyepata ajira Kisumu, Eldoret au Nairobi, kama vile majirani zetu wa Kenya walivyo na ndugu wafanyao kazi Mbale, Jinja na Kampala. Mtu mzima anapohama peke yake, begi moja na kitambulisho vyamtosha. Anapohama na watoto wadogo, mambo hubadilika: mtoto hana kitambulisho mfukoni, na akipotea huenda asiweze kueleza alikotoka. Somo letu la toleo hili lina neno moja kuu: mtoto na apite kituoni, akiwa na karatasi zake, pamoja na mtu awezaye kuthibitisha uhusiano wao.

Mfano wa kutafakari

Tumfikirie mama wa Tororo mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 3. Amepata kazi ya upishi hotelini Kisumu, naye ametakiwa kuripoti Jumatatu. Kwa haraka anatangulia, akiwaacha watoto kwa bibi yao. Wiki mbili baadaye anamwomba kaka yake awalete. Mjomba hana hata karatasi moja ya watoto. Akihofia maswali, anawapandisha bodaboda na kupita njia ya panya. Ng'ambo, askari wa doria wanamsimamisha: "Watoto hawa ni wa nani?" Mjomba anasema kweli, lakini hana cha kuonyesha. Mdogo analia. Mkubwa akiulizwa jina la mama yake, anajibu, "Anaitwa Mama."

Askari afanye nini? Mjomba mwema na mwizi wa watoto, wakisimama barabarani bila karatasi, hufanana. Ni wajibu wa askari kuwazuia hadi ukweli ujulikane, na yamkini watoto watalala mikononi mwa maofisa wa ustawi wa watoto, huku mama akiiacha kazi aliyoianza juzi ili aje kuwachukua.

Lakini hayo yana nafuu. Balaa kubwa zaidi ni watoto kupita bila kuonwa, kisha mmoja apotelee stendi ya mabasi. Mama atakapofika kituo cha polisi kuripoti, hakutakuwa na daftari lolote lionyeshalo kwamba mtoto huyo aliwahi kuingia nchini, siku gani, wala pamoja na nani. Kumbukumbu ya mpakani ni shahidi wa mtoto. Anayemkwepesha mtoto kituoni humnyima shahidi huyo.

Haki iliyopo

Huna sababu ya kujificha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama, na Ibara ya 10 inamruhusu kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 huomba kibali cha kazi, na familia yake huombewa kibali cha wategemezi. Baina ya Uganda, Kenya na Rwanda, mtu mzima amekuwa akivuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtoto asiye na kitambulisho huhitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mzazi na aulize katika ofisi ya uhamiaji mapema, wala si asubuhi ya safari.

Katika vituo vya pamoja vya Busia na Malaba, maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja, hivyo msafiri husimama mara moja tu. Tunajua wako wanaokwepa kituo kwa kuogopa kudaiwa fedha. Ukidaiwa malipo, omba risiti. Usipopewa, mwone mkuu wa kituo, au uje kwetu.

Bahasha ya mtoto

Kila mtoto na awe na bahasha yake, yenye haya:

1. Cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki haichukui nafasi yake. Kwa upande wa Uganda, cheti hutolewa na NIRA.
2. Kadi ya chanjo. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na tena miezi 18. Bila kadi, kliniki mpya haitajua mtoto amefikia wapi.
3. Cheti cha kimataifa cha homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo asichanjwe mkesha wa safari.
4. Barua ya uhamisho na ripoti ya shule.
5. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa LC1, au ya chifu kwa watokao Kenya.
6. Iwapo mtoto asafiri na mtu asiye mzazi, barua ya idhini ya wazazi iliyoshuhudiwa na wakili, yenye namba zao za simu, pamoja na nakala za vitambulisho vyao.

Shule na mtaa mpya

Nchini Kenya mwaka wa shule huanza Januari. Uganda kwa kawaida huanza Februari. Mtoto wa P1 aendaye Kenya atakutana na mtaala mwingine, na Kiswahili kikiwa somo la kila siku. Mwone mwalimu mkuu kabla ya kuhama, umwulize atapangiwa darasa gani.

Mkifika, jitambulisheni kwa mzee wa Nyumba Kumi au mwenyekiti wa LC1 katika juma la kwanza. Mfundisheni mtoto majina yake kamili, jina la mzazi, namba ya simu na njia ya nyumbani. Mwambieni mapema kwamba mnahama, wala msimwamshe usiku na kumpakia garini kama mzigo. Mtoto aliyeelezwa huweza kueleza.

Tahadhari

Akikujia mtu na kusema, "Tangulia kazini, nami nitakuletea watoto," nawe humjui kwao wala hujui aishipo, kataa. Uganda ina sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu ya 2009, na Kenya ina yake ya 2010. Ukiona mtoto asiyemjua mtu anayesafiri naye, piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto itumikayo Uganda na Kenya, au 999 kwa polisi. Kuuliza kwa adabu si kumtukana mtu; mjomba mwema atafurahi kwamba mpwawe ana walinzi wengi.

Kazi ikikuita Jumatatu, na watoto hawajawa tayari, waache kwa mtu mnayemwamini, ukawachukue mwenyewe siku ya mapumziko. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika mfano wetu, mama angefanya nini kabla ya Jumatatu ile?
2. Je, watoto wote wa kijiji chetu wana vyeti vya kuzaliwa? Ni nani wasio navyo, na kwa nini?
3. Tukimwona mgeni na watoto njia ya panya usiku, tutamsaidiaje afike kituoni salama?

Majibu yenu tutayapokea katika kikao kijacho cha polisi na jamii. Njooni na wenza wenu.